Nyuki Waliotaka Kumuaga Mwenye Nyumba

Jumanne ya pili ya Februari, mwaka wa 2003, Gathoni alikuwa akichambua maharagwe mezani nyumbani kwake Kitengela alipoona asali ikiteremka kutoka kwenye tundu la msumari ulioshikilia kalenda. Ilikuwa imekwisha kuvuka Januari, imelowesha Februari yote na sasa ilikuwa inaielekea Machi. Alikinga kijiko, akaonja, akakoroga kingine kwenye chai yake, kisha akarudi kwenye maharagwe, maana wateja wake walikuwa wachonga mawe wa machimboni na wachonga mawe wakishasikia njaa hawaelewi lugha nyingine.

Nyuki walikuwa ndani ya ukuta. Ili mtu aelewe waliingiaje, sharti kwanza aelewe jinsi nyumba yenyewe ilivyojengwa, na ilijengwa kama zinavyojengwa nyumba za watu ambao hawawezi kuhama ili wajenge. Mwaka wa 1995 ilikuwa ya mabati, vyumba viwili. Kuanzia 1997 Gathoni akaanza kuizungushia mawe kwa nje, mstari mmoja mmoja, kwa pesa ya kuuza chapati na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, huku familia ikiendelea kulala ndani. Mwaka wa mvua zile kubwa ukuta ulifika magotini. Mwaka uliofuata ulifika dirishani. Mafundi walimzoea, wakawa wanakuja wenyewe kila Januari bila kuitwa. Mwaka wa 2001 mawe yalikutana na paa. Fundi alikuwa ameacha mwanya wa ngumi moja kati ya mawe na mabati, akisema mabati nayo yanataka kupumua, na watu wote walikusudia kuyang'oa yale mabati siku moja. Siku hiyo haikufika. Waliyapaka rangi ya krimu kwa ndani, wakatundika kalenda, wakaishi.

Kiwanja chenyewe kilinunuliwa mwaka wa 1994, kwenye kura ya viwanja ya chama cha ushirika. Asubuhi ya kura Gathoni alikuwa na sufuria mbili motoni na watu arobaini wa kulisha, kwa hiyo alifunga pesa kwenye kitambaa, akampa mumewe Joram, akamtuma. Joram alirudi saa kumi na karatasi yenye jina lake.

"Karani aliuliza jina la mwenye boma," alieleza, "na mimi ndio nilikuwa hapo."

Ilikuwa kweli, yeye ndiye aliyekuwa hapo. Walicheka, wakala chapati zilizobaki, na hati ilipotoka ilitoka na jina hilohilo.

Joram alikuwa mtu wa kupendeza, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. Alikuwa karani wa stoo mpaka kazi ilipopunguzwa, na tangu hapo alikuwa akiamka mapema, akivaa tai na kwenda kuangalia kama kuna jambo. Mwezi wa Januari alikwenda Kimana kumsalimia binamu yake, akaona vitunguu vimerundikwa kando ya barabara vikingoja usafiri. Alipita Entarara, akaona hivyo hivyo. Alifika mpaka Rombo ili awe na hakika. Aliporudi Kitengela alikuwa tayari ana lori la tani saba kichwani mwake, limepakwa rangi ya samawati, na kilichokosekana ni lori lenyewe. Baada ya siku nne alikuwa amempata mnunuzi wa nyumba.

Gathoni alisema hapana. Alisema hapana wakati wa chai, akasema tena akisonga ugali, na Jumapili akasema mbele ya mchungaji, ambaye alitabasamu na kuwaombea umoja.

"Mama Nduta, usijali," Joram alisema. "Tutajenga nyingine kubwa zaidi."

Katika ndoa yao kusema "tutajenga" ilikuwa kazi ya Joram. Kujenga kwenyewe kulikuwa kazi ya Gathoni, na sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti yaliyokwisha kuhesabu kila mstari wa ule ukuta. Hakutaka nyingine. Alitaka hiyo.

Ndiyo maana, asali ilipoteremka, hakumwambia mtu.

Siku iliyofuata mnunuzi alikuja. Aliitwa Gakuru, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye adabu nyingi na viatu vilivyong'arishwa. Alikagua choo, akakagua tangi la maji, akasifu mawe. Alipoingia sebuleni alisimama, akaweka sikio kwenye mabati ya krimu.

"Hii nyumba inaongea," alisema.

"Ni upepo wa Kitengela," Joram alisema. "Utauzoea."

"Upepo haupandishi sauti mtu akibisha." Gakuru alibisha mara mbili, na ukuta ukapandisha sauti mara mbili. "Hii ni nyuki. Mimi na nyuki hatuwezani, ndugu yangu. Waliua punda ya cucu, nyanya yangu, nikiangalia. Toeni hao, alafu mnipigie simu. Wakiwa hapo, mimi sinunui."

Gathoni alimsindikiza mpaka langoni kwa heshima kubwa kuliko alivyostahili, akamfungia chapati mbili za njiani. Kisha alirudi, akakoroga maji ya sukari kwenye kisahani, akakiweka dirishani mahali nyuki walipokuwa wakiingilia. Alikuwa na furaha na hakujisumbua kuificha. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alikuwa na watu upande wake, na walikuwa wengi, kama elfu thelathini hivi.

Ijumaa, Joram alikuja na Munguti.

Munguti alikuwa bawabu wa kiwanda, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mshahara tu. Alizaliwa Kibwezi, kwenye ukoo wa watu waliotundika mizinga mitini tangu babu wa babu, na Kitengela nzima, nyuki wakiingia kwa mtu, ni yeye aliyeitwa. Hakuja na mavazi ya ajabu. Alikuja na koti lake la kazi, kisu, ndoo mbili na mzinga mtupu wa gogo begani. Kabla ya lolote alivua kofia, akaweka shavu kwenye mabati, akalisogeza polepole kutoka pembeni hadi pembeni kama daktari anayesikiliza kifua. Mabati yalikuwa na baridi ya asubuhi, ila kushoto kwa dirisha yalikuwa na joto la mtu aliyelala.

"Hapa ndio wanalea watoto," alisema. "Malkia yuko hapa."

Jirani yao, Meitamei, aliyekuwa na ng'ombe sita ng'ambo ya ua, aliombwa kinyesi kikavu cha kuwashia moshi. Angeweza kukipitisha juu ya ua. Alikileta mwenyewe, karai zima, ili aone.

"Sopa," alisalimia kwa Kimaasai mlangoni.

"Ipa," Joram alijibu, na Meitamei akavuta kiti.

Munguti alifukiza kidogo, akang'oa misumari ya bati moja na kulishusha chini bila kelele. Ndani ya mwanya masega tisa yalining'inia, marefu kama taulo zilizoanikwa, na nyuki wametanda juu yake wakienda na shughuli zao. Aliyatazama kwa muda kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Sasa," alisema, "mwenye nyumba aje."

Aliwaeleza, kwa kuwa hawakuwa watu wa kwao. Nyuki wa mtini mtu anawafukuza kwa moshi, yamekwisha, kwa sababu mti ni wa Mungu. Nyuki wa nyumbani ni wageni, na mgeni mwenye adabu haondoki bila kumuaga mwenyeji. Mwenye nyumba husimama mbele ya ukuta uliofunguliwa, hunyoosha kiganja na kutaja jina lake. Malkia hutoka, hutembea juu ya kiganja, huaga, na kundi zima humfuata kwenye mzinga. Ni kazi ya robo saa. Yeye mwenyewe hajawahi kuumwa hata siku moja.

Joram alikaza tai, akasimama, akanyoosha kiganja. "Mimi ni Joram," alisema, "mwenye hii nyumba."

Malkia alitoka. Alikuwa mrefu, mwekundu kidogo, na hakuwa na haraka. Alifika kwenye ukingo wa sega, akamtazama Joram, akageuka, akarudi ndani.

"Amesema si wewe," Munguti alisema.

"Pengine hajasikia."

"Amesikia."

Joram hakukasirika. Alikwenda chumbani, akaleta hati, akaikunjua na kuiweka juu ya kiganja. Malkia alitoka mara ya pili. Safari hii alipanda kwenye karatasi, akatembea kutoka juu kwenda chini, akapita muhuri, akafika penye jina, akasimama hapo kidogo. Kisha alirudi kwenye sega kwa njia ileile.

"Amesoma," Meitamei alisema.

"Basi kama amesoma atoke."

"Kusoma amesoma," Munguti alisema. "Kuaga ndio anataka kumuaga mwenyewe."

Gathoni alikuwa jikoni, kibanda cha nje kilichotenganishwa na sebule kwa hatua nne, na alisikia kila neno. Aliendelea kusukuma chapati. Baada ya muda Munguti alikuja kuomba maji, akayanywa akiwa amesimama.

"Mama Nduta, ni wewe wanangoja."

"Najua."

"Na hautakuja."

"Sitakuja, mzee. Wakitoka, nyumba imeenda."

Munguti alitikisa kichwa kukubali, akarudisha kikombe, akasema chapati zinanukia vizuri. Alirudi sebuleni, akalishikiza bati kwa misumari miwili, akawaambia kuwa yeye ana moshi na ana mzinga lakini hana ruhusa, na kwamba akipatikana mwenye nyumba wamuite. Joram alimuuliza kama hakuna njia nyingine. Munguti alisema zipo, lakini yeye hazijui na hataki kuzijua.

Joram alizijua. Jumamosi alirudi kutoka dukani na chupa ya dawa ya kupe na pampu ya mkono aliyoazima. Alisema dawa inayomaliza kupe wa ng'ombe mzima haiwezi kushindwa na mdudu mwenye mabawa. Gathoni alingoja aende kunyoa, akaimwaga chupa yote chooni. Jumapili Joram aliikuta tupu, akacheka, akanunua mbili, akazitia chini ya kitanda upande wake.

"Kesho saa tatu," alisema. "Wewe peleka tu githeri yako."

Gathoni hakulala vizuri. Kwa miaka minane watu walikuwa wamebisha mlango ule: msoma mita, karani wa sensa, mchungaji, vijana wa kuchanga pesa za harambee. Wote waliuliza, "Mwenye nyumba yuko?" na akijitokeza wakamwambia amuite mumewe. Nyuki hawa walikuwa wa kwanza kumtafuta yeye. Kwa dawa au bila dawa, ukuta ungenyamaza na Gakuru angenunua. Nyumba ilikuwa inakwenda. Kilichobaki mikononi mwake ni kama wageni wake wangekufa ndani ya ukuta kwa sababu walikataa kumuaga mtu mwingine.

Jumatatu saa mbili alimtuma Meitamei amwite Munguti.

Joram alikuwa anachanganya dawa na maji walipoingia. Bati lilishushwa tena. Gathoni alivua aproni, akanawa unga mikononi, akasimama mbele ya masega. Hakuwahi kuyasema maneno yale kwa sauti, na yalitoka kama mtu anayeagiza sukari kilo mbili.

"Mimi ni Gathoni. Hii nyumba ni yangu."

Malkia alikuwa amekwisha kufika ukingoni. Alipanda kwenye kiganja, akakizunguka mara tatu, akatulia katikati. Nyuma yake wengine walitoka, sega baada ya sega, bila kusukumana, wakapanda mkono, wakafika begani, wakateremka upande wa pili, mpaka Gathoni akawa amevaa nyuki kutoka shingoni hadi kiunoni kama sweta ya kahawia. Walikuwa na joto. Hakuna aliyeumwa isipokuwa Joram, mara moja, kwenye kidole cha mkono ulioshika pampu.

Kuaga kulichukua dakika arobaini, ambazo Munguti alisema ni nyingi, lakini nyumba nayo ilikuwa imechukua miaka mingi. Alikata masega, akajaza ndoo moja ya asali kwa mwenye nyumba na kujichukulia nusu ndoo kama ilivyo desturi. Kisha aliufungua mzinga na kungoja. Nyuki hawakuingia. Walibaki pale pale juu ya Gathoni, wakijipanga vizuri zaidi.

"Wameaga nyumba," Munguti alisema hatimaye, akiufunga mzinga. "Wewe hawajakuaga. Wanaenda na wewe."

"Watakula nini?" Gathoni aliuliza.

"Watajitafutia. Jioni watarudi."

Meitamei alimtazama Gathoni, akatazama mawe kupitia mwanya uliokuwa wazi. "Kumbe hii boma ni ya Mama Nduta," alisema.

"Hata mimi nilijua," Joram alisema kwa upole, akinyonya kidole kilichoumwa. Kisha alitoa simu mfukoni, akampigia Gakuru na kumwambia ukuta ni mtupu.

Habari zilienea Kitengela kwa kasi ya kawaida. Wachonga mawe walimkuta Gathoni kwenye lango la machimbo amevaa nyuki, wakapanga foleni kama siku zote, ila mmoja alisema, "Mwenye nyumba, niongeze supu," na jina hilo likashika. Nyuki hawakuanguka kwenye sufuria. Kanisani waliimba na waumini kwa sauti ya chini na kunyamaza wakati wa maombi, jambo ambalo baadhi ya wazee wa kanisa hawakuwa wamelimudu. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya dada Gathoni, ambaye sasa kila mtu alijua kuwa ndiye mwenye ile nyumba nzuri ya mawe, na papo hapo akamwombea ndugu Joram aiuze salama.

Gathoni alikwenda kwa naibu wa chifu kuomba nyumba isiuzwe. Naibu alimpokea vizuri, akampa kiti kilichokuwa mbali kidogo. Alisema hana wasiwasi wowote kwamba nyumba ni ya Gathoni, kwa maana ushahidi anauona kwa macho, umekaa juu ya mabega. Alimuuliza kama ana karatasi. Gathoni alisema karatasi ina jina la mume wake. Naibu alisema basi hapo ndipo penye ugumu, na akauliza kama ile asali inauzwa.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi walikwenda Kajiado kwa wakili: Joram na tai yake, Gakuru na viatu vyake, na Gathoni, kwa kuwa wakili alitaka shahidi anayeijua nyumba. Angeweza kubaki. Nduta, binti yao aliyekuwa akisoma shule ya bweni hapo hapo Kajiado, alikuwa amemwandikia barua kumwambia asiende. Lakini alitaka kuwepo. Mara ile ya kwanza, siku ya kura, hakuwepo, na aliona yaliyotokea.

Askari wa mlangoni alisema nyuki wasio na miadi wangoje nje. Gathoni alisema wako pamoja naye. Askari alifikiri, akafungua daftari la wageni, akaandika: Gathoni na wenzake.

Wakili alikuwa kijana mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Alizisoma karatasi zote kwa sauti. Alipofika kwenye maelezo ya nyumba aliuliza nani atayathibitisha, na wanaume wote wawili walimwonyesha Gathoni. Kwa hiyo Gathoni alieleza. Alieleza msingi ulichimbwa kina gani na ni mwaka gani. Alieleza mstari wa dirishani, uliolipwa kwa miezi kumi na mmoja ya githeri, na mawe ya kona aliyoyachagua mwenyewe machimboni, moja moja, akiyagonga kwa mwiko wa kupikia ili asikie kama yana ufa. Nyuki walinguruma kidogo alipofika kwenye paa. Gakuru, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha kwa ajili ya usalama, alisikiliza kwa makini sana, akasema sasa ameridhika kabisa kwamba anapata nyumba imara.

"Yaani nyumba ni yako," wakili alisema, kalamu ikiwa hewani.

"Ni yangu."

"Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Joram alisema si siri. Wakili aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Mwenye nyumba ni Gathoni, nyuki wamethibitisha. Mwenye hati ni Joram, anauza. Kisha alipiga muhuri juu ya mistari yote miwili na kugeuza ukurasa. Joram alitia sahihi. Gakuru alitia sahihi. Gathoni alionyeshwa nafasi ya shahidi, na kwa muda kalamu ilikaa mkononi mwake.

"Nikikataa?" aliuliza.

"Nitamwita yule askari wa mlangoni," wakili alisema kwa masikitiko ya kweli. "Lakini yeye haijui nyumba kama wewe."

Gathoni alitazama ile nafasi. Ikiwa jina la mtu yeyote lingekaa kwenye karatasi za nyumba ile, hakutaka liwe la askari wa mlangoni. Aliandika jina lake lote, polepole, herufi kubwa kubwa. Malkia aliteremka kutoka begani, akatembea juu ya wino uliokuwa bado haujakauka, akaridhika, akarudi mahali pake.

Wakili aliuliza kama kuna swali lolote. Gathoni aliuliza wanatakiwa kutoka lini.

"Mwisho wa mwezi ujao," Gakuru alisema, akisimama na kuvua kofia kwa heshima. "Lakini kwako, mama, wewe ndio mwenye nyumba, nakuongezea wiki moja."

Joram alimshukuru kwa niaba yake.